Mistari yenye kukataa rangi



Barua ya wiki hii imetoka kwa mama mmoja wa kikundi cha ushoni, na tunaiweka mbele ya zingine kwa sababu kazi yenyewe haingoji. Binti yake anamaliza humanite. Anachora kwa kidole kwenye telefone, na anachora vizuri. Shule moja ya watoto wadogo hapa kartye ilimwomba kadi 24 za picha: jembe, kuku, mtumbwi, mama anayetwanga, mtoto anayenawa mikono. Michoro imekwisha, shule imeiona na kuipenda, ila inataka jambo moja: mistari yote iliyo myeusi igeuke kuwa ya kahawia, ili nyuso za watoto zisionekane kali. Malipo yatatolewa kadi zikifika. Na malipo hayo mama ameshayahesabu kwenye pesa za Exétat.

Binti alikesha siku mbili akijaribu. Anapaka kahawia juu ya mstari, mstari unabaki mweusi. Anagusa kitufe kingine, karatasi nzima inakuwa kahawia. Fundi mmoja wa telefone alitazama, akasema kuna virusi, telefone ifutwe yote na kuanzishwa upya, naye alipwe. Mama anatuuliza: tumlipe?

Hapana, mama. Usilipe, na zaidi ya hapo usikubali ifutwe. Michoro inayotengenezwa ndani ya ibisPaint, ambayo ndiyo programu binti anatumia, inakaa ndani ya programu yenyewe. Ukifuta telefone, ao hata ukiondoa programu tu kwa nia ya kuiweka tena, michoro inaondoka nayo. Kabla ya kusoma mbele, mwambie atoe nakala za kazi zake zote, azipeleke kwenye telefone nyingine ao kwenye karti ya memori. Na asitoe picha tupu peke yake, maana picha tupu imeshagandisha matabaka yote kuwa moja. Atoe pia faili ya kazi yenyewe, ile yenye mwisho wa ipv.

Telefone yake ni nzima. Mistari kukataa rangi ni jambo ambalo kila mwenye kuchora kwa mashine amekutana nalo, na karibu kila mara sababu ni kitufe kimoja ao viwili kwenye matabaka.

Neno tabaka, programu za Kifaransa zinaandika calque, na wenye kushona wanalijua neno hilo kuliko sisi walimu. Ni ile karatasi nyepesi ya kunakilia patroni. Unaiweka juu ya nyingine, ya chini inaonekana. Ukikosea kwenye ya juu, ya chini haikuguswa. Mchoro wa kwenye telefone ni karatasi za namna hiyo zilizopangwa moja juu ya nyingine: chini rangi ya ukuta, juu yake rangi ya nguo, juu yake ngozi, na juu kabisa mistari.

Mpango huu haukuletwa na telefone. Kwenye nchi za Ubelgiji na Ufaransa, watengenezaji wa vitabu vya katuni walikuwa wanachapa mistari ya mchoro kwa bluu ao kijivu chepesi sana kwenye karatasi, mpaka rangi anapaka hapo juu, na mistari yenyewe myeusi ilikaa mbali, kwenye plastiki ya kuona upande wa pili. Wakati wa kuchapa, plastiki inawekwa juu ya rangi. Aliyepaka rangi aliweza kutoka nje kidogo ya mstari bila hasara, sababu mstari mweusi ulikuja kufunika. Mpaka leo nao wengi wanaochora kwa programu wanaweka mistari juu na rangi chini.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Mwalimu haandiki dawa kabla ya kuuliza, kwa hiyo swali la kwanza ni hili: tabaka la mistari la binti ni plastiki ya kuona upande wa pili, ao ni karatasi nyeupe yenye mistari? Kwa macho vitu hivi viwili vinafanana kabisa. Njia ya kuvitofautisha ni kufunga matabaka mengine yote kwa ile alama ya jicho, na kubakiza la mistari peke yake. Kama nyuma ya mistari kunatokea vyumba vidogo kama vya kitambaa cha drafti, nyeupe na kijivu, basi hapo hakuna kitu, ni plastiki. Kama kunabaki kweupe, asiamini mara moja: aangalie kwanza kama rangi ya karatasi ya programu, iliyo chini kabisa ya orodha, nayo imewekwa kuwa vyumba vya drafti. Ikiwa imewekwa hivyo na bado kweupe kupo, basi weupe huo ni rangi, umepakwa, unafunika kila kitu kilicho chini.

Mwenye kuchora moja kwa moja kwenye telefone, kwenye tabaka jipya, anapata plastiki. Mwenye kuchora kwa kalamu kwenye daftari kisha kupiga foto anapata karatasi nyeupe, tena siyo nyeupe hata: ina kivuli cha mkono, ina manjano ya taa, ina mistari ya daftari. Mama anatuambia kwamba kadi kumi za kwanza binti alizichora kwa kalamu siku ambazo umeme haukuwepo, na zile 14 alizichora kwenye telefone. Basi tumeelewa kwa nini alipata magonjwa mawili tofauti kwa kitufe kilekile. Kadi 14 zina dawa yake, na kadi kumi zina yake.

Tuanze na zile 14.

Kwenye kidirisha cha matabaka kuna kufuli inayoitwa kufuli ya alfa. Alfa ni jina la namba ambayo mashine inaweka kwa kila nukta ya picha kusema kama nukta hiyo ina rangi ao ni plastiki tupu. Ukifunga kufuli hii kwenye tabaka la mistari, unaiambia mashine: palipo na rangi nipake, palipo tupu usiniruhusu. Baada ya hapo unachukua brashi kubwa, unachagua kahawia, unapitisha juu ya mchoro mzima bila kuogopa. Kahawia inashika mistari peke yake. Ni kama kuchovya neti kwenye rangi: nyuzi zinashika, matundu yanabaki matundu.

Brashi hiyo iwe ngumu, ya nguvu 100 kwa 100. Hapa wengi wanapotea. Brashi laini ya kupuliza inapaka nusu, weusi wa zamani unabaki chini yake, na mstari unatoka na rangi ya kahawa iliyoungua. Na asitumie ndoo ya kumwagia rangi kwa kazi hii, sababu ndoo inajaza kipande kilichoshikamana tu: itageuza mstari wa bega, na kuacha jicho na kifungo cha shati vikiwa vyeusi.

Kama amefunga kufuli, amepaka kwa brashi ngumu, na mstari bado ni mweusi, hapo atazame jina lililoandikwa kwenye tabaka, ile hali ya kuchanganya. Tungependa kusimama hapa kidogo, sababu ndipo usiku mbili za binti zilipoishia, na pia sababu ni hesabu nzuri ya kufundishia watoto.

Kwenye mashine kila rangi ni namba tatu: ya nyekundu, ya kijani, ya bluu. Kila moja inatoka 0 mpaka 255. Nyeusi ni 0 mara tatu. Nyeupe ni 255 mara tatu. Tabaka likiwa katika hali ya kawaida, linafunika la chini, basi. Lakini masomo mengi yanayopatikana kwenye YouTube yanasema tabaka la mistari liwekwe katika hali ya Multiply, ambayo Kifaransa kinaandika Multiplier ao Produit kufuatana na programu. Katika hali hiyo mashine inachukua namba ya juu, inaizidisha kwa namba ya chini, kisha inagawanya kwa 255.

Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuona matokeo. Nyeupe juu ya rangi yoyote: 255 mara kitu, ugawanye kwa 255, kinarudi kitu kilekile. Kwa hiyo nyeupe inapotea, na ndiyo sifa ya hali hii, inafanya karatasi nyeupe iwe kama plastiki. Nyeusi juu ya rangi yoyote: 0 mara kitu ni 0. Inabaki nyeusi. Mpaka hapa kila mtu anafurahi.

Lakini sasa binti anafungua tabaka jipya juu ya mistari, na programu ao mkono wake umeliacha katika hali hiyohiyo ya kuzidisha. Anapaka kahawia juu ya mstari mweusi. Kahawia mara 0. Hata apake mara mia, ni 0. Rangi inafika, ila mashine inaizidisha kwa sifuri kila mara. Ndiyo maana mstari ulibaki mweusi.

Na kuna upande wa pili wa hesabu hiyo, unaowachanganya hata wale ambao mistari yao imekubali. Tuseme mistari imegeuka kweli, tuseme ni ya manjano, 255, 220, 0, nayo inapita juu ya kitenge cha bluu, 0, 60, 200. Tabaka la mistari likiwa bado kwenye kuzidisha, nyekundu inakuwa 255 mara 0, yaani 0. Kijani inakuwa 220 mara 60 gawanya kwa 255, kama 52. Bluu inakuwa 0. Umechagua manjano, unapata kijani cha chupa. Mtu anafikiri kioo cha telefone kimeharibika. Dawa yake ni neno moja: tabaka la mistari likiwa ni plastiki ya kweli, lirudishwe katika hali ya kawaida. Halina nyeupe ya kufuta, kuzidisha kuna kazi gani tena? Mistari myeusi ndiyo inayovumilia hali yoyote kati ya hizo mbili. Ikishapata rangi yake, inataka hali ya kawaida.

Tupitie haraka sababu ndogondogo, maana nazo zinakula batri. Aangalie kama amegusa tabaka la mistari kweli na siyo jirani yake. Kwenye kioo kidogo vidole vinakosea. Aangalie asilimia ya nguvu ya tabaka. Aangalie kama hakuacha eneo lililochaguliwa mahali fulani kwenye kona, sababu likiwepo, brashi inapaka ndani ya eneo hilo tu na nje inakuwa kama imekufa. Na kwa wale wanaotumia Krita kwenye ordinatere, herufi E ya klavye inageuza brashi kuwa kifutio. Ukiigusa bila kujua unaanza kufuta mchoro wako ukidhani rangi imekataa. Iguse tena, brashi inarudi.

Kuhusu Krita tuongeze kitu kwa sababu baadhi ya wasomaji wetu wanaitumia kwenye mashine za shule. Foto iliyoskaniwa katika hali ya kijivu inafunguka kama karatasi ya kijivu, yaani kila nukta ina namba moja badala ya tatu. Hapo utachagua nyekundu, utapaka, itatoka kijivu. Hakuna kufuli wala brashi itakayosaidia mpaka ugeuze picha yenyewe kuwa ya rangi tatu, kwenye menyu ya picha, mahali pa kubadilisha aina ya rangi. GIMP nayo iko hivyohivyo.

Tumalize zile 14 na shauri moja. Kufuli ya alfa inageuza mstari wenyewe, na ukifunga programu, huwezi tena kurudi nyuma. Shule ikisema kesho kwamba kahawia ni nzito mno, kazi inaanza upya. Kwa hiyo njia tunayoipenda zaidi ni hii: afungue tabaka jipya juu ya mistari, alibane kwenye tabaka la chini kwa kitufe cha Clipping, hali ya kawaida, kisha apake hapo. Tabaka lililobanwa linaonekana pale tu palipo na mstari chini yake. Mistari myeusi inabaki salama chini, na rangi inaweza kubadilishwa hata mara kumi: nywele mstari huu, ngozi mstari huu, kitenge mstari huu. Kwenye Krita kazi hiyo inafanywa na ile alama ya herufi ya Kigiriki ya alfa kwenye mstari wa tabaka, lakini ina mtego wake. Inarithi umbo la kila kitu kilicho chini yake ndani ya kundi moja, siyo la tabaka moja tu. Ukiwa na karatasi nyeupe chini kabisa, umbo linalorithiwa ni karatasi nzima, na rangi inafunika kila kitu. Weka mistari na rangi yake ndani ya kundi lao peke yao, tatizo linakwisha.

Sasa zile kadi kumi za kalamu. Hapo kufuli ya alfa ndiyo iliyogeuza karatasi nzima kuwa kahawia, na haikuwa na kosa: karatasi yote ni rangi, hakuna mahali patupu pa kukataza. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kutoa weupe. ibisPaint, ukiingiza foto, inauliza yenyewe kama unataka itoe mistari. Ukikubali, inakupa vipimo vya kusukuma kwa kidole: kimoja cha weusi, kimoja cha weupe, kimoja cha katikati. Sukuma cha weupe mpaka kivuli na mistari ya daftari vipotee, sukuma cha weusi mpaka mstari wa kalamu ukolee, na usimame hapo. Ukizidisha, mistari myembamba ya kope na vidole inakatika. Matokeo ni plastiki ya kweli, na kuanzia hapo kadi hizo zinafuata njia ya zile 14. Kwenye Krita na GIMP kuna kichujio cha kugeuza rangi kuwa alfa. Unakiambia nyeupe, kinaitoa. Foto iwe imepigwa mchana, karibu na dirisha, jua lisipige karatasi moja kwa moja. Dakika tano za kupiga foto vizuri zinaokoa saa nzima ya kusafisha.

Ya pili ni kwa yule ambaye mstari wake wa kalamu ni mzuri wenyewe, una unene na wembamba, na hataki mashine iuguse. Anaacha karatasi nyeupe ilivyo. Juu yake anaweka tabaka la kahawia tupu, lote limejaa, na anachagua hali ya Screen, Kifaransa Écran. Hali hii ni ndugu wa kuzidisha aliyegeuzwa kichwa chini: mashine inahesabu kwanza kila rangi imebakiza kiasi gani kufika nyeupe, inazidisha mabaki hayo, kisha inageuza tena jibu. Nyeupe haina mabaki, kwa hiyo inabaki nyeupe. Nyeusi ina mabaki yote, kwa hiyo inachukua kahawia kamili. Mistari inageuka, karatasi haiguswi. Akishaunganisha matabaka hayo mawili kuwa moja, anaweza kuliweka juu ya rangi za picha katika hali ya kuzidisha ili weupe upotee. Akumbuke tu hesabu ya manjano na bluu: hapo mistari itakolea kidogo kufuatana na rangi ya chini. Kwa kahawia juu ya ngozi haidhuru, inapendeza hata. Kwa rangi za wazi, bora njia ya kwanza.

Tufike kwenye kahawia yenyewe, ambayo barua haikuuliza lakini shule imeuliza.

Masomo mengi ya kupaka rangi yanatoka Japani, Marekani na Ulaya, na yanafundisha mstari wa ngozi uwe wa waridi ao wa chungwa. Ni sawa kwa uso waliouchora wao. Kwenye uso wa mtoto wetu mstari huo unang'aa kama jeraha. Na mstari mweusi tii juu ya ngozi nyeusi unamezwa: pua inapotea, mdomo unapotea, yanabaki macho na meno. Hivyo ndivyo tulivyochorwa zamani na watu ambao hawakutaka kutuona. Kitabu cha Hergé juu ya nchi yetu kilitoka gazetini bila rangi mwaka 1930 na 1931, kikachorwa upya na kupata rangi mwaka 1946, na rangi haikuzirekebisha nyuso. Basi mwalimu wa shule ile aliyesema mistari ni mikali ameona sawa.

Achukue rangi ya ngozi aliyoitumia, aipeleke upande wa nyekundu kidogo, kisha aishushe mpaka iwe nyeusi zaidi ya ngozi kwa kuonekana wazi. Kwa ngozi ya maji ya kunde, 120, 75, 45, mstari wa 60, 28, 20 unakaa vizuri. Kwa ngozi nyeusi zaidi, aende kwenye zambarau nzito kwa mstari wa nje, na ndani ya uso, kwenye pua na mdomo, atumie mistari ya wazi kuliko ngozi, kama mwanga unaogusa pale. Ndiyo faida ya tabaka lililobanwa: mstari wa nje na wa ndani vinaweza kuwa na rangi mbili bila kuchora upya.

Jambo moja la pesa. Kahawia hii ni kwa kadi zinazochapwa kwa rangi. Kama shule itatoa nakala kwenye mashine ya fotokopi ya nyeusi na nyeupe, mistari ibaki myeusi. Mashine ile haina wino wa kahawia wala wa kijivu. Inaiga kijivu kwa nukta nyingi ndogo, na mstari mwembamba wa kahawia unatoka umekatikakatika kama uzi uliotafunwa na panya. Bahati nzuri mistari myeusi bado ipo chini ya tabaka lililobanwa. Anafunga jicho la kahawia, anatoa nakala ya pili, amepata kazi mbili kwa mchoro mmoja. Ni vizuri aiulize shule mapema inahitaji ipi, na kama ni zote mbili, bei izungumzwe.

Mistari ikishakuwa ya kahawia, binti ataona kitu ambacho hakukiona zamani: uzi mweupe mwembamba kati ya mstari na rangi ya nguo. Haujaletwa na kahawia, ulikuwepo siku zote, weusi ulikuwa unauficha. Ukingo wa kila mstari una nukta za nusu, nusu rangi nusu tupu, na ndoo ya kumwagia rangi inasimama kabla ya kuzifikia. Kwenye mipangilio ya ndoo kuna mahali pa kupanua. Aweke pikseli 2, rangi itaingia chini ya mstari. Kwa sehemu alizokwisha kujaza, apite na brashi kwenye tabaka la rangi, chini ya mistari, aingie kidogo ndani ya mstari kama wale wapaka rangi wa Ubelgiji. Kwa kadi 24 ni kazi ya jioni mbili, isifanywe usiku wa mwisho.

Mwenye kutaka kuona matabaka ya mtu aliyebobea, kuna Mfaransa anaitwa David Revoy ambaye tangu 2014 anatoa katuni ya Pepper&Carrot, iliyochorwa kwa Krita. Anaruhusu kila mtu kupakua hata faili zake za kazi. Ni nzito, zinakula mega nyingi, kwa hiyo zipakuliwe mahali penye intaneti ya bure na zifunguliwe kwenye ordinatere. Wasichana watatu wanaweza kujifunza kwa faili moja.

Kuhusu kutuma. Kadi zitolewe katika PNG. JPEG haijui plastiki, inajaza nyeupe palipo tupu, na inachafua ukingo wa mistari. WhatsApp, ukituma kama foto, inapunguza picha na kuigeuza JPEG hata kama ulitoa PNG. Itumwe kama dokima, kupitia alama ya kiambatanisho, ndipo inafika ilivyo. Na kabla ya kugeuza zote 24, amalize moja tu, ile ya mtoto anayenawa mikono kwa sababu ina ngozi, maji na nguo. Aipeleke shuleni, ichapwe, waiangalie kwenye karatasi, siyo kwenye kioo. Kioo kina taa nyuma yake, karatasi haina, na kahawia inayopendeza kwenye telefone mara nyingi inatoka nzito kwenye karatasi. Wakisema ipunguzwe, anapunguza kwenye tabaka lililobanwa, anachapa tena moja, kisha zile 23.